Difragi imeganda asilimia 11 tangu jana: nibadilishe programu au diski ndiyo inaniaga?

#1 PichaMakorora
Wakuu, habari za jioni.
Nina laptopu ya Windows 10, hadi diski ya GB 500, RAM GB 4. Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi hapa Tanga mjini, kwa hiyo kila wiki naingiza mafaili makubwa, nafuta, naingiza mengine. Sasa mashine imekuwa nzito mno. Ukiiwasha unaweza kwenda dukani kufuata mahamri na mbaazi, ukarudi, bado inazungusha viduara.
Jana adhuhuri nikaweka Defraggler, programu ya kudifragi (kuunganisha vipande vya mafaili vilivyotawanyika kwenye diski), nikapima, ikasema diski imevurugika asilimia 41. Nikaianzisha. Mpaka naandika hapa iko asilimia 11, na muda uliobaki inasema ni zaidi ya siku nzima.
Je, hii ni kawaida? Programu ipi ya kudifragi inamaliza haraka? Nimesikia Auslogics, Smart Defrag, O&O, UltraDefrag. Na nikiisimamisha katikati, mafaili ya wateja yatapotea?

#2 MgosiWaSoni
Angalia tarehe vizuri mkuu. Hiyo ilianza mwaka 1988 Coastal walipochukua ubingwa, ndiyo kwanza imefika 11 😂

#3 FundiBarabaraYa12
Simamisha kwa kitufe chake, hakuna kitakachopotea. Inamalizia kipande ilichokishika halafu inatulia.
Halafu acha kutafuta programu nyingine. Pakua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ifungue, niletee mistari mitatu tu: 05, C5 na C6, ndiyo inayohesabu sekta (vijisehemu vya diski) zenye hitilafu. Mashine zinazoletwa mezani kwangu na lalamiko la "difragi haiishi", nyingi nakuta diski inakata roho. Difragi inasoma na kuandika kila kona ya diski. Ikiwa mgonjwa, unaimaliza wewe mwenyewe kwa mkono wako.

#4 BinTongoni
Fundi, umemtisha mwenzetu kabla ya kumuuliza swali la kwanza. Mleta uzi, nafasi wazi imebaki kiasi gani?
Nauliza hivi kwa sababu diski ya GB 500 Windows inaionyesha kama GB 465. Difragi ya XP ilikuwa inataka asilimia 15 iwe wazi, hapo kwako ni kama GB 70, na sababu yake ipo mpaka leo. Ili faili la GB 8 likae pamoja, lazima lipatikane pengo la GB 8 mahali pamoja. Lisipopatikana, programu inahangaika kuhamisha vitu vidogo huku na kule ili itengeneze pengo, na kitu kimoja kinahamishwa mara mbili tatu. Ni kupanga upya viti vya ukumbi wakati wageni wameshakaa na pilau iko mikononi.

#5 PichaMakorora
Nimeisimamisha, mafaili yapo. Nafasi wazi ni GB 29. Fundi, CrystalDiskInfo naipakua usiku, bando la sasa hivi ni la kuungaunga.

#6 BinTongoni
29 kati ya 465, haifiki hata asilimia 7. Mimi nimemaliza, uzi ufungwe.

#7 FundiBarabaraYa12
Usifunge uzi wa watu. Diski iliyojaa inachelewa, sawa, lakini inasogea. Asilimia 11 toka jana adhuhuri si kuchelewa tena, hiyo imeshikwa na kitu. Nangoja namba zangu.

#8 MamaSteshenari
Salaam wote. Mie nina steshenari Ngamiani, kompyuta mbili za mezani, na sijawahi kuweka programu ya nje. Natumia ileile iliyokuja na Windows. Kutwa nzima naskani, naprinti, nafuta. Lakini yangu nikiipima haizidi asilimia 5. Huyu kijana inakuwaje ya kwake ifike 41? Anafuta kwa shoka?

#9 ChumbageniIT
Mama, swali lako ndilo la maana kuliko yote humu. Namba hizo mbili zinaweza kutoka kwenye diski moja, siku moja.
Kuanzia Vista, chombo cha Windows hakikihesabu kipande kilichozidi MB 64. Defraggler inahesabu kila kitu. Hesabu yake ni hii: diski ya laptopu tuseme inasoma MB 80 kwa sekunde, kipande cha MB 64 kinakula sekunde 0.8. Kichwa cha kusomea kuhamia kipande kinachofuata na kusubiri sahani izunguke ni milisekunde 18 hivi. Unapoteza kama asilimia 2. Microsoft wakaona hiyo haistahili kuhangaikiwa.
Sasa mleta uzi ni mtu wa video. Faili lake la GB 8 likiwa na vipande 100 vya MB 80, Defraggler inapiga yowe, Windows inanyamaza, na video inacheza vilevile.
Fungua dirisha jeusi la amri kama msimamizi, andika: defrag C: /A /V
Hiyo /A inachambua tu, haigusi kitu. Tuletee jibu.

#10 MgosiWaSoni
Kwa hiyo tangu jana anatibu kitu ambacho hakiumwi? Wagosi tuna kazi.

#11 ChumbageniIT
Sijasema hivyo, Mgosi. Vipande vikubwa havina neno, vidogo ndivyo vinavyoua. Diski ya laptopu kwa kawaida inazunguka mara 5400 kwa dakika, mzunguko mmoja ni milisekunde 11, kwa wastani unasubiri nusu yake, 5.6. Ongeza kichwa kuhama, milisekunde 12 hivi. Faili dogo la mfumo lililokatwa vipande 1,000 linaweza kupoteza sekunde 18 kwa kuhamahama tu, bado hujasoma chochote. Na mafaili ya namna hiyo ndiyo Windows inayagusa ikiwaka.

#12 BinTongoni
Hizo sekunde 18 ni kama kila kipande kiko mbali na mwenzake. Mara nyingi vinakaa jirani, kichwa hakisafiri diski nzima. Usimpige mahesabu ya vitisho.

#13 ChumbageniIT
Ndiyo maana nikaandika "linaweza".

#14 BabuWaDOS
Nyie watoto mnaongea difragi mmeijulia wapi? Sisi tulikuwa na DEFRAG ya MS-DOS 6, mwaka 1993. Microsoft hawakuitengeneza, waliichukua kwa Symantec, ni Norton Speed Disk iliyopunguzwa makali. Baadaye tukaingia Windows XP, unakaa kitini unatazama vibuluku vya rangi vinahama. Lakini programu nyingine ikiandika tu kitu kwenye diski, inaanza upya kutoka sifuri. Ofisini Chumbageni tuliandika karatasi tukabandika kwenye monita: USIGUSE, INADIFRAGI.

#15 ChumbageniIT
Shikamoo babu. Kuanza upya kulikuwa Windows 95 na 98, si XP. Vibuluku pia ni vya huko. XP ilikuwa na mistari ya rangi, nyekundu kwa mafaili yaliyokatika, bluu kwa yaliyo mazima, na ilikuwa inahamisha huku wewe unaendelea na kazi. XP inatoka ukoo wa NT. NT 4 ya mwaka 1996 haikuja na difragi kabisa, Windows 2000 ndiyo ikapewa toleo la Diskeeper lililopunguzwa, na XP ikarithi.

#16 BabuWaDOS
Marahaba. Mstari au kibuluku, tulikuwa tunaiona kazi inafanyika! Vista wakaja wakaondoa picha yote, unabaki unatazama maandishi hujui inafanya kazi au imesinzia. Defraggler imependwa kwa sababu hiyo hiyo, ina ramani ya kutazama. Watu wanapenda kutazama.

#17 MgosiWaSoni
Babu ile karatasi ya USIGUSE tunaihitaji pale Mkwakwani, beki wetu waibandike kwenye mpira.

#18 KimanumanuDamu
@MgosiWaSoni angalau nyie mna beki wa kubandikiwa karatasi. Tuendelee na difragi, vidonda vyetu viacheni.

#19 MzeeWaNVMe
Nimesoma uzi wote nikasikitika. Mwaka huu bado kuna watu wanadifragi? Nunua SSD, hamisha Windows, habari imekwisha. SSD haina kichwa cha kuhama wala sahani ya kuzunguka, kipande kiwe hapa au kule yeye hajali.

#20 PichaMakorora
Mkuu nakuelewa, lakini SSD ninayoimudu mimi ni ya GB 240. Harusi moja ya kamera tatu, kuanzia kupamba mpaka kuaga, inakula zaidi ya GB 100. Nitakuwa naweka harusi mbili na Windows wanabanana mlangoni.

#21 MzeeWaNVMe
Windows na programu weka kwenye SSD, harusi weka kwenye hadi diski. Laptopu yako kama ina nafasi ya DVD unanunua kishikio, hadi diski inakaa humo. Mnapenda kuteseka.

#22 RaskazoneUpepo
Ila atakayehamia SSD asiguse kile kitufe cha Windows cha Optimize! Kinadifragi SSD na kuimaliza umri wa kuandikwa. Nimeambiwa na mtu wa kompyuta kabisa.

#23 ChumbageniIT
Kuanzia Windows 8, kitufe hicho kwenye SSD kinatuma TRIM, yaani kinaiambia diski sehemu zipi hazina kazi tena. Si difragi ile ya kuhamisha vipande. Kibonyeze kwa amani. Hatari ni zile programu za zamani za nje ambazo hazitofautishi SSD na hadi diski, hizo kweli zinaweza kuihamisha data yote bure.

#24 SendoffStudio
Hapo kwenye TRIM naongezea, kwa sisi wa picha. Jamaa yangu wa Muheza alifuta folda ya sendofu kwenye SSD, akasema si kitu, nitairudisha na programu kama nilivyozoea. Programu ilileta majina ya mafaili yote vizuri kabisa. Ukifungua, ndani hamna picha hata moja. TRIM ilishapita. Kwenye hadi diski angeokota nyingi. Bi harusi mpaka leo hampokelei simu.

#25 MamaSteshenari
Yarabi.

#26 PichaMakorora
Wakuu nimerudi. CrystalDiskInfo inaonyesha rangi ya njano, Tahadhari.
05: 000000000000
C5: 000000000010
C6: 000000000010
Joto nyuzi 51. Na ile amri ya defrag C: /A /V imeleta asilimia 9.
Fundi, C5 ni 10. Ndiyo mbaya?

#27 FundiBarabaraYa12
Nilisema mapema kabla hata sijaiona. C5 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma, inasubiri iamue zifukiwe au zipone. Ikifika kwenye sekta hiyo, diski inajaribu tena na tena sekunde nyingi kabla ya kukata tamaa, Windows nayo inaagiza tena. Difragi yako ilikuwa imepiga kambi hapo kwenye sekta mbovu. Nafasi ya GB 29 ni kisingizio.
Na joto 51 ni kubwa. Tanga hii, laptopu juu ya godoro?

#28 ChumbageniIT
Nyongeza ndogo: CrystalDiskInfo ikitoka kiwandani inaandika zile namba ndefu kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita. Kwa hiyo 10 hapo ni 16. Unaweza kubadilisha kwenye mipangilio ikuonyeshe namba za kawaida.

#29 BinTongoni
Asante Chumbageni, umenipa nilichokuwa nataka. 16 mara baiti 512 ni KB 8. Na diski nyingi za miaka hii ndani zina sekta za baiti 4096, ndiyo maana C5 hupanda kwa nane nane. Yaani tunaongelea sekta mbili. MBILI, Fundi, kwenye diski nzima! Na 05 ni sifuri, hakuna iliyofukiwa bado. Sekta ya C5 mara nyingine si mbovu kabisa, iliandikwa nusu tu umeme ukakatika. Ikiandikwa upya inapona na hesabu inarudi chini.
PichaMakorora, betri yako ina hali gani?

#30 PichaMakorora
Betri ilikufa zamani. Natumia moja kwa moja kwenye soketi, umeme ukikatika inazima hapo hapo. Na mtaani kwetu wiki hizi unajua mwenyewe.

#31 BinTongoni
Basi. Umeme umeleta hizo sekta mbili, kujaa kumeleta uzito. Diski nzima haina ubaya.

#32 FundiBarabaraYa12
Wewe unataka diski iwe nzima kwa nguvu. Haya, tuseme ni umeme. Mtu ambaye laptopu yake inazima ghafla unamshauri adifragi? Umeme ukikatika wakati wa kuhamisha je?

#33 ChumbageniIT
Hapo NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, haiko uchi, Fundi. Kipande kinanakiliwa kwanza mahali papya, halafu ndipo orodha ya mafaili inabadilishwa, na mabadiliko hayo yanaandikwa kwenye daftari la mfumo. Umeme ukikatika katikati, kwa kawaida faili linabaki lilipokuwa. Tatizo ni hifadhi ya muda iliyo ndani ya diski yenyewe, hiyo ikizimwa ghafla haina ahadi. Eksteno (diski ya nje) iliyofomatiwa exFAT au FAT32 haina daftari hilo kabisa, huko ndiko ungeogopa.

#34 TumbakuLaini
Mbona hakuna aliyetaja RAM? GB 4, Windows 10, na programu ya kuhariri video! RAM ikijaa, mfumo unaanza kuandika kwenye diski kana kwamba ni RAM. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, tazama safu ya diski. Nabashiri iko 100% hata bila difragi. Mdifragi mpaka kiama, mashine itabaki nzito.
Na antivairasi nayo inakagua kila faili linalohamishwa.

#35 ChumbageniIT
Ya RAM nakubali. Ya antivairasi hapana: difragi inahamisha klasta (mafungu ya sekta) kwa njia ya mfumo wenyewe, haifungui faili kama wewe unavyofungua video. Antivairasi haina cha kukagua pale, labda kama ina ukaguzi wake wa ratiba umeangukia saa hiyo hiyo.

#36 TumbakuLaini
Nilipozima antivairasi yangu difragi ikaenda mbio. Nadharia yako nzuri lakini jicho langu limeona.

#37 MamaSteshenari
Sasa mnanichanganya. Huyu kijana aliuliza programu ipi. Hakuna aliyemjibu.

#38 SendoffStudio
Mama nitajaribu, maana nimepita kwenye nyingi.
Defraggler: nzuri kwa kuchagua faili moja moja au folda moja, na ile ramani ya Babu. Ni ya Piriform, wale wa CCleaner, Avast wakawanunua mwaka 2017. Tangu hapo sijaona kipya cha maana.
O&O ni ya Wajerumani wa Berlin, kamili lakini ya kulipia. UltraDefrag ina hali ya kufanya kazi kabla Windows haijawaka, inagusa mafaili ambayo yakishafunguliwa hayahamishiki. MyDefrag, iliyokuwa JkDefrag, ilikuwa na wapenzi wake lakini mtengenezaji aliiacha.
Ninayoipenda mimi haina hata dirisha: Contig, ya Mark Russinovich, inapatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft. Unaiandikia faili moja tu na inaliunganisha. Kama una faili moja kubwa linalokusumbua, kwa nini uhamishe diski nzima?
Zile za bure nyingine, soma kila ukurasa wakati wa kusakinisha. Ukibonyeza "endelea" bila kusoma utajikuta una programu tatu hukuziita.

#39 BabuWaDOS
Hujataja kwamba Windows ina ratiba yake. Windows 7 ilikuwa kila Jumatano saa saba usiku. Haina haja ya programu.

#40 ChumbageniIT
Ratiba ipo, ila nani hapa anaacha laptopu ikiwaka saa saba usiku? Tunazima, tunachomoa, tunalala. Windows 10 inasukuma kazi hiyo kwenye matengenezo ya moja kwa moja, ambayo yanataka mashine iwe imetulia na iwe kwenye umeme. Mtu anayewasha, anahariri mpaka mwisho, anazima, ratiba haimpati kamwe. Fungua dirisha lake, soma tarehe ya mwisho. Wengine mtacheka.

#41 MamaSteshenari
Nimetazama. Ya mezani ya kwanza imeandika wiki iliyopita. Ya pili imeandika haijawahi. Hiyo ya pili ndiyo yenye kasi! Haya nielezeni.

#42 MgosiWaSoni
Hapo ndipo wataalamu wote wanaenda kuswali 😂

#43 KwaminchiVideo
Mimi nafanya video pia. Sidifragi. Kila baada ya msimu wa harusi nahamisha zote kwenye eksteno, nafomati sehemu ya video, narudisha zile ninazoendelea nazo. Zinarudi zimejipanga zenyewe. Kwa USB 2 inakwenda kama MB 35 kwa sekunde, GB 400 ni saa tatu na kitu. Kwa lile tundu la bluu la USB 3 diski yenyewe ndiyo inakuwa kikomo, saa moja na nusu hivi. Linganisha na mtu aliyeko asilimia 11 tangu jana.

#44 SendoffStudio
Njia nzuri, ila uwe umetenga sehemu ya video na C. Mleta uzi naona ana C peke yake. Na tazama eksteno yako ni ya aina gani. Za SMR zinaandika njia zikipandiana, kubadilisha kidogo inabidi iandike upya eneo kubwa la jirani. Mwanzo inakwenda vizuri, ikijaa ile sehemu yake ya kupokelea, kasi inaporomoka. Kuna watu wanadhani eksteno imekufa kumbe ndivyo ilivyoumbwa. Mwaka 2020 Western Digital, Seagate na Toshiba walikiri kwamba baadhi ya diski zao zilikuwa za aina hiyo bila kuandikwa wazi. Kuidifragi SMR ni kujitafutia mateso.

#45 BinTongoni
Sasa kuna sababu tano mezani. Mleta uzi, fanya moja tu ya bei rahisi: hamisha harusi za zamani, toa takataka kwa cleanmgr, andika powercfg -h off ufute faili la kulaza mashine, acha wazi angalau GB 100. Halafu endesha ya Windows, si Defraggler. Utuletee majibu.

#46 FundiBarabaraYa12
Anakili harusi KWANZA, kabla ya difragi yoyote. Hapo tu ndipo nakubaliana na Bin.

#47 PichaMakorora
Wakuu, ripoti. Samahani kwa kimya, nilikuwa Pangani kwenye kazi.
Nimehamisha harusi zote zilizokwisha, nafasi wazi sasa ni GB 190. Nimeendesha difragi ya Windows baada ya magharibi, kabla sijalala ilikuwa imemaliza. Inasema asilimia 0. Feni nimeiwekea mezani, joto 43.
Kuwaka bado ni kuzito, sema kumepungua. Programu ya kuhariri ndiyo bado inakwama vilevile.

#48 BinTongoni
Imemaliza jioni moja! Fundi, ile "imeshikwa na kitu" yako iko wapi?

#49 TumbakuLaini
Programu ya kuhariri bado inakwama. RAM. Nimekaa pale.

#50 FundiBarabaraYa12
PichaMakorora, fungua tena CrystalDiskInfo. C5 sasa ngapi?

#51 PichaMakorora
C5: 000000000018

#52 ChumbageniIT
Hiyo ni 24. Imeongezeka nane.

#53 FundiBarabaraYa12
Imepanda. Sekta mbili zimekuwa tatu kwa wiki moja. Bin, endelea kunihesabia baiti.

#54 BinTongoni
Amesoma GB kwa mamia kuhamisha harusi za miaka. Sekta ambayo haijaguswa siku nyingi haiwezi kujulikana ni mbovu mpaka isomwe. Ilikuwepo tangu mwanzo, kunakili ndiko kumeifichua. Akiandika upya juu yake anaweza kuona C5 inashuka.

#55 FundiBarabaraYa12
Au inapanda mpaka 30. Tuone nani atapokea simu usiku.

#56 MamaSteshenari
Kijana wangu, nikuulize la kibiashara. Hizo harusi ulizohamisha, umezihamisha au umezinakili? Yaani ziko sehemu mbili?

#57 PichaMakorora
Nimezihamisha mama. Si ndiyo tulikuwa tunatafuta nafasi. Ziko kwenye eksteno tu.

#58 SendoffStudio
Eksteno ipi hiyo? Modeli umeitazama kama ni SMR?

#59 PichaMakorora
Nimeitazama. Ndiyo hizo hizo. Na imefomatiwa exFAT.

#60 MgosiWaSoni
Chumbageni, ile exFAT si ndiyo uliyosema haina daftari?

#61 ChumbageniIT
Ndiyo hiyo. PichaMakorora, leo usichomoe kitu chochote mpaka upate diski ya pili.

#62 PichaMakorora
Mkuu umeme umekatika tangu asubuhi, naandika kwa simu.